Mwizi Ameingia, Usifagie: Mwongozo Kamili wa Kutunza Ushahidi Kabla Polisi Hawajafika

Kama unaishi Kondele, Kaptembwa, Lurambi ama huko ndani Vihiga unajua vile inakuwanga. Mlango umevunjwa usiku, asubuhi mwenye nyumba anapiga nduru, kufumba na kufumbua ploti nzima iko ndani ya sitting room. Mmoja anajaribu kufuli kama bado inafunga, mwingine ameegemea dirisha lile lile mwizi alipitia, na mama jirani kwa roho safi kabisa ameshika ufagio anatoa vioo mtoto asijikate. Polisi wakifika saa nne hawana cha kuona, halafu jioni sote tunalalamika ati polisi hawafanyi kazi. Kuna siku ni kweli hawafanyi, sikatai, lakini kesi nyingi ninazoona zikianguka hapa kortini Kisumu (kazi yangu ni ya kubeba mafaili ya mawakili, kwa hivyo nakaa hizo benchi sana) zilianza kuanguka mapema, mikononi mwa watu wazuri, kabla hata gari la polisi halijawashwa.

Ushahidi ninaozungumzia hapa ni wa vitu: kisu, nguo, damu, nywele, alama ya kidole, kiatu kwenye matope, kufuli iliyokatwa, karatasi, simu. Shahidi binadamu anaweza kusahau, kuhama, kutishwa ama kununuliwa na mia tano. Kufuli hainunuliki. Shida yake moja ni kwamba haiwezi kujisemea, lazima mtu aeleze ilitoka wapi na ni nani na nani wameishika, na hapo ndipo wewe unaingia.

Kwa nini kila kitu ni muhimu

Kuna Mfaransa anaitwa Edmond Locard alianzisha maabara ya polisi kule Lyon mwaka wa 1910, na wazo lake ndilo wapelelezi wote wanatumia mpaka leo: mtu akiingia mahali anaacha kitu chake na anaondoka na kitu cha pale. Chukua mwizi amepitia dirisha la jikoni Nyalenda. Anaacha kidole kwenye kioo, uzi wa sweta kwenye grili, matope ya nje juu ya sinki. Anaondoka na chembe za kioo kwenye nguo, maana kioo kikipigwa vipande vingine vidogo vidogo hurukia upande wa mpigaji, na hajui hata kama anavyo. Sasa akishikwa kesho na sweta ile ile, hizo chembe zinaweza kulinganishwa na kioo chako. Lakini kama kioo chako kilishaenda na takataka, zitalinganishwa na nini?

Na hiyo sheria ya Locard haichagui, na wewe pia ukiingia pale unaacha vyako. Ndio maana kazi ya kwanza ni ngumu kuliko zote.

Hatua ya kwanza: toka, na utoe wengine

Ukigundua kuna tukio usiingie zaidi ya pale ulipofika. Kama kuna mtu ameumia hiyo ni stori ingine, maisha kwanza, ingia umsaidie na usijali nyayo, ila kumbuka ulipokanyaga na ulichoshika ili useme baadaye. Kama hakuna aliyeumia rudi nyuma kwa njia ile ile uliyoingilia, ufunge mlango ukisukuma na kiwiko, usishike kitasa. Halafu weka mtu mmoja mwenye sauti mlangoni, keyateka, soja, ama mzee wa nyumba kumi, akatae watu. Kamba ya nguo ikivutwa kutoka nguzo hadi nguzo inatosha kabisa, watu wetu wanaheshimu kamba.

Choo cha ndani usitumie, sinki usitumie, usinawe mikono pale, usivute sigara pale. Hata chai usichemshe. Mwizi naye huwa anakula jamani, kuna wanaofungua friji na kunywa soda, na mdomo wa hiyo chupa una mate yake, na kwenye mate kuna DNA, ile alama ya mwili inayotofautisha mtu na mtu.

Hatua ya pili: simu na OB

Piga 999 ama 112, ama uende kituo kilicho karibu. Hakikisha umeandikiwa OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, na umepewa namba yake, iandike mahali pawili. Bila OB hakuna kesi, kuna stori tu. Ukiripoti sema wazi kwamba hujagusa kitu na unaomba watu wa DCI (idara ya upelelezi wa jinai) wa kuchunguza eneo la tukio waje na kifaa cha kutoa alama za vidole, maana afisa wa zamu anaweza kuja kuangalia tu na kuondoka. Kama wanasema watachelewa uliza swali moja: nifunge nyumba niwangoje, ama? Wakikwambia ngoja, ngoja, lala kwa jirani hiyo siku.

Kama unaogopa kuonekana ukiripoti, DCI wana laini ya bure, 0800 722 203, huhitaji kutaja jina.

Hatua ya tatu: mvua, kuku na jua

Hapa kwetu mvua ya alasiri haibembelezi. Kakamega unaweza kuwa na nyayo safi kabisa saa sita mchana na saa tisa ni mtaro. Nyayo ama alama ya tairi ya boda ikiwa nje, ifunike na karai, beseni ama sufuria kubwa iliyopinduliwa, na uhakikishe ukingo hauguzi alama yenyewe, halafu juu weka jiwe kuku wasipindue. Usifunike na gunia ama nailoni moja kwa moja, itavuta udongo. Ng'ombe wafungwe mbali. Udongo mwekundu wa Vihiga ukiwa na unyevu kidogo unashika soli ya kiatu vizuri mno, unaona mpaka ile kona iliyolika kwa sababu mtu anatembea akilalia upande mmoja, na hiyo kona iliyolika ndiyo inatofautisha hicho kiatu na vile vingine elfu vya aina hiyo vilivyouzwa soko la Kibuye.

Damu ya nje nayo jua linaiharibu na mvua inaiosha. Funika vile vile.

Hatua ya nne: piga picha kabla ya kitu chochote kusogea

Simu ya kawaida inatosha. Anza mbali, nyumba nzima na njia ya kuingia, halafu chumba kutoka kila kona, halafu kitu chenyewe kwa karibu. Picha ya karibu peke yake haisaidii, hakimu atauliza hiki kisu kilikuwa wapi na wewe una picha ya kisu juu ya sementi ambayo inaweza kuwa sementi yoyote kutoka Busia mpaka Naivasha.

Picha ya nyayo ina ujanja wake. Weka rula ya mtoto wa shule kando yake, sio juu, kwa kimo kile kile cha alama. Simama simu iangalie chini wima kabisa. Halafu mtu mwingine ashike tochi chini karibu na ardhi, imulike kwa upande, na mpige tena tochi ikihamishwa upande wa pili na wa tatu. Mwanga ukitoka upande vivuli vinajaa kwenye mistari ya soli na unaona kila kitu. Ukitumia flashi ya juu alama yote inakuwa bapa.

Usikate picha, usiweke filta, usiandike juu yake. Na usitegemee ile uliyotuma WhatsApp, inapunguzwa ukubwa na inapoteza taarifa za ndani kama saa iliyopigwa, kwa hivyo ile ya asili ibaki kwa simu iliyoipiga. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uwe na cheti kinachoeleza kifaa gani kilitumika na jinsi picha ilitoka humo mpaka kortini, na anayehusika na hicho kifaa ndiye hutia sahihi. Ukiuza hiyo simu katikati ya kesi umejichimbia.

Hatua ya tano: kama lazima ukiokote

Mara nyingi jibu ni usikiokote. Lakini kuna wakati huna jinsi, kisu kiko barabarani na watoto wanatoka shule, ama shati lenye damu liko kwenye maji yanayopanda. Sawa. Piga picha kwanza, vaa glavu safi, shika pale ambapo mtu wa kawaida hashiki, kingo ama pembe. Bunduki na maganda ya risasi usiguse kabisa, zungusha kamba umngoje polisi, na usichomeke kalamu kwenye mdomo wa bunduki kama vile unaonanga kwa sinema.

Sasa kwenye kufunga ndipo watu wengi wanaharibu. Kitu chenye damu, jasho ama mate usikiweke kwenye nailoni. Plastiki inafungia unyevu, bakteria na ukungu wanakula ile DNA, na ukifungua baada ya wiki mbili unapata shati la kijani linalonuka na maabara haina la kufanya nalo. Nimeona panga ya kesi ikitolewa kwa mfuko wa nailoni kortini na kila mtu akarudi nyuma hatua moja. Tumia karatasi. Bahasha kubwa ya kaki inapatikana kwa saiba yoyote. Mfuko wa unga ni karatasi ndiyo, lakini una unga, wachana nao. Kama nguo ni mbichi ianike kivulini mahali ambapo hakuna mtu anapita, chini yake utandaze karatasi safi ya kuzuia kinachodondoka, na hiyo karatasi pia ihifadhiwe. Usitumie jua wala pasi.

Kila kitu bahasha yake. Ukiweka shati la aliyeumia na shati la mshukiwa kwa bahasha moja, damu ikihama kutoka hili hadi lile wakili atauliza swali moja tu na mmemaliza.

Na usilambe bahasha! Ukilamba umeweka DNA yako mwenyewe. Tumia seloteipu, andika juu yake tarehe, saa, mahali, ni nini, na jina lako, utie sahihi nusu kwa seloteipu nusu kwa karatasi, ili mtu akifungua ionekane.

Vitu vingine viwili vya haraka. Kufuli iliyokatwa usiitupe na usijaribu kuingiza bisibisi yako kwenye mkwaruzo wa mlango kuona kama inatoshea, kifaa kilichokata huacha mikwaruzo yake na wewe utaongeza yako. Na karatasi ya vitisho iliyotupwa chini ya geti isipitishwe mkono kwa mkono watu wasome. Jasho la vidole huingia ndani ya karatasi, na kuna kemikali inaitwa ninhidrini inayolitoa hata baada ya muda mrefu, ila haiwezi kusaidia kama familia nzima na chifu wameishika.

Hatua ya sita: mwili wa mtu nao ni eneo la tukio

Hapa nitaenda polepole kwa sababu hapa ndipo tunakosea watu wetu zaidi. Mtu akibakwa, kitu cha kwanza anataka ni kuoga, na hakuna wa kumlaumu. Lakini kama anaweza kuvumilia, asioge, asinawe sehemu za siri, asibadilishe nguo, asipige mswaki. Kama ameshabadilisha, zile nguo ziende kwenye karatasi, chupi peke yake. Kama amehitaji kujisaidia, ile tishu ya kujipangusa ihifadhiwe pia.

Aende hospitali mara moja, hahitaji kupitia polisi kwanza. Kisumu kuna kitengo cha waliodhulumiwa kijinsia pale hospitali ya Jaramogi, Nakuru kiko hospitali ile ya rufaa ambayo wengi bado wanaiita PGH. Dawa za kuzuia HIV zinafaa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora, na hizo saa ndizo nzuri pia kwa kuchukua sampuli. Hata zikipita nenda tu. Hospitali itajaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa, polisi watatoa P3, fomu ya majeraha ambayo daktari hujaza. Laini ya 1195 ni ya bure kwa mambo ya ukatili wa kijinsia, 116 ni ya watoto.

Na wale wazee wa kukaa chini ya mwembe kutoza mbuzi wawili ndio mambo yaishe, kila siku mnayokaa hapo ni siku ya ushahidi kupotea kwenye mwili wa mtoto wa wenyewe. Hata hivyo, kama sampuli zilipotea usikate tamaa. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu korti kwa makosa ya ngono kumtia mtu hatiani kwa neno la aliyedhulumiwa peke yake, mradi hakimu aridhike kwamba anasema ukweli na aandike sababu.

Kwa waliopigwa ama kukatwa: tibiwa kwanza, lakini omba picha za majeraha kabla ya bandeji, na mpige tena siku ya pili ya tatu maana jeraha la kupondeka hubadilika rangi. Hospitali wakikata nguo kwa mkasi waombe wasikatie pale kisu kilipopita. Zile nguo ulizovaa usifue, hata kama ndio suruali nzuri.

Hatua ya saba: kukiwa na kifo

Usisogeze mwili, usiufunge shuka, usioshe. Mtu akipatikana amejinyonga na kuna hata nafasi ndogo kwamba yuko hai, kata haraka mumshushe, ila kata kamba mbali na fundo, fundo libaki lilivyo. Fundo linaonyesha mengi, lilifungwaje na kwa upande gani. Kama ni wazi ameshafariki muache polisi.

Ukishuku sumu, kile kikombe, mabaki ya ugali, chupa ya dawa ya kunyunyizia mboga, matapishi, vyote visimwagwe. Chupa yenyewe ni muhimu kwa daktari kama mtu bado anapumua. Mkemia wa Serikali ana tawi Kisumu, ingawa kuna vipimo hupelekwa Nairobi, na DCI nao wana maabara yao ya forensiki, ya kuchunguza ushahidi, Kiambu Road huko Nairobi iliyofunguliwa 2022.

Halafu hili watu wa huku kwetu walisikie vizuri, sisi wa matanga ya wiki mbili: waambie watu wa mochari kabla mwili haujadungwa dawa ya kuhifadhi kwamba upasuaji bado haujafanywa na kuna tuhuma. Hiyo dawa huvuruga vipimo vya sumu. Jokofu kwanza, upasuaji, halafu hayo mengine.

Hatua ya nane: kamera na simu

CCTV nyingi za maduka hujiandika juu ya rekodi za zamani zikijaa, zingine siku chache tu. Kwa hivyo siku ile ile zunguka, angalia supamaketi, petroli stesheni, duka la M-Pesa lenye kamera, muombe mwenyewe asifute na umwambie mpelelezi aende akachukue. Linganisha saa ya kamera na saa ya simu yako uandike tofauti, maana kamera nyingi saa yake ni ya uongo na mshukiwa atasema alikuwa kanisani wakati huo.

Simu ikiibwa, namba ya IMEI, ile inayotambulisha simu yenyewe, ina tarakimu 15, iko kwa boksi, ama ukibonyeza *#06# simu ikiwa bado mkononi. Fanya hivyo leo.

Hatua ya tisa: kukabidhi, na njia ya kielelezo

Mpelelezi akichukua kitu, kiandikwe kwenye orodha, wewe utie sahihi na yeye atie, upige picha hiyo orodha. Uandike jina lake na saa. Kuanzia hapo kila mkono unaoshika lazima uwe na jina mpaka maabara, ambako kielelezo, yaani hicho kitu cha ushahidi, hupelekwa na fomu yake, na kurudi. Kortini maswali ya wakili wa upande ule ni yale yale kila siku: nani alikipata, wapi, alikiweka wapi usiku, nani alikuwa na ufunguo, utajuaje ni hiki na si kingine? Mtu akisema "nilikiweka chini ya kitanda cha mama wiki moja halafu nikapeleka" nasikia hata prosekuta akipumua.

Na alama zako za vidole zikiombwa usikasirike. Ni kama zile ulizotoa ukitafuta cheti cha tabia njema, lengo ni kutoa za watu wa nyumba ibaki ya mgeni.

Kile ambacho maabara haiwezi

DNA itakwambia ni nani, haiwezi kukwambia alifika lini wala alikuja kufanya nini. Kidole cha fundi wa umeme kwa dirisha lako si wizi kama aliwahi kufanya kazi hapo. Damu kwa shati nayo, mshukiwa akisema alichinja kuku, inajibika: tangu 1901 Mjerumani Paul Uhlenhuth alionyesha jinsi ya kutofautisha damu ya mtu na ya mnyama, kwa hivyo stori ya kuku ijaribu kwa wengine.

Vitu vinasaidia hata anayesingiziwa. Alec Jeffreys alipogundua alama za DNA kule Leicester 1984, kesi kubwa ya kwanza kuzitumia ilianza kwa kumtoa kijana aliyekuwa amekiri mauaji ambayo hakufanya, ndipo baadaye Colin Pitchfork akapatikana, akafungwa 1988. Kwa hivyo ukishukiwa, usifue nguo, tunza tiketi ya matatu, risiti, meseji za M-Pesa. Na nyinyi wa kukamata mtu mnampiga mpaka akubali: hilo kukubali halina maana kortini, maana ungamo linalokubalika ni la mbele ya hakimu ama afisa mwenye cheo asiye mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe akiwepo. Mkichoma pikipiki yake mmechoma namba ya chesisi, alama za vidole na pengine mali yenu iliyokuwa ndani ya mfuko. Kuharibu kitu ukijua kinaweza kutakiwa kortini nako ni kosa, Penal Code (sheria ya makosa ya jinai) kifungu cha 116.

Kuhusu kurudishiwa vitu vyako

Watu huogopa kutoa kielelezo wakidhani hakitarudi, na ukipita uwanja wa kituo chochote uone pikipiki zilizoota nyasi unaelewa. Kama ni bidhaa za duka, mifugo ama boda unayoitegemea, ongea na mpelelezi na prosekuta mapema, korti inaweza kuombwa kitu kipigwe picha rasmi na urudishiwe kesi ikiendelea. Beba logbook ama risiti ya kununua, kitambulisho, na ile namba ya OB. Ombi liende kabla ya siku ya kusikizwa, sio asubuhi hiyo mkiwa kwa foleni ya mlangoni.